Mpelelezi Asiyejua Majani

Wapo wasomaji wa hadithi za upelelezi, na wapo waandishi pia, wanaoamini kwamba mmea katika hadithi ya mauaji ni pambo tu. Kwao mwembe wa uani kazi yake ni kumpa mzee kivuli, ua waridi ni la kumpa mchumba, na shamba la mihogo ni mahali pa kupitia muuaji anapokimbia. Jambo lenyewe, wanasema, ni bastola, gari, simu, na mwanamke mzuri anayejua siri. Mimi nakataa. Nasema kwamba hadithi ya upelelezi isiyojua majani ni hadithi isiyojua iko wapi. Na kwamba katika nchi hii yetu ya Ziwa, ujinga huo si dosari ya sanaa peke yake, bali una damu ndani yake. Nitaeleza kwa nini, na msomaji ndiye atakayekuwa hakimu.

Nianze kwa wale tuliojifunza kwao utanzu huu. Mwaka 1868 Mwingereza Wilkie Collins alitoa riwaya yake ya The Moonstone, na mpelelezi wake, Sajini Cuff, ni mtu ambaye moyo wake wote uko kwenye mawaridi. Anakuja kutafuta jiwe la thamani lililoibwa, lakini anapata wasaa wa kubishana na mtunza bustani juu ya namna ya kutengeneza njia kati ya maua. Baada yake akaja Agatha Christie. Mama huyu alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza vipimo na sumu, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, mtu anauawa kwa strikinini, sumu itokayo katika mbegu za mti wa Asia. Mti huo ni ndugu wa mtonga wetu, ambao matunda yake watoto hula porini bila kudhurika. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja mlishi, mwingine muuaji: hiyo peke yake ni hadithi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni riwaya yake ya mwaka 1940, Sad Cypress. Humo mtu mmoja ana alama ndogo mkononi, naye anasema amechomwa na mwiba wa waridi lililo karibu na nyumba. Maneno hayo yanapita kama upepo. Baadaye inakuja kufahamika kwamba waridi lile ni la aina isiyokuwa na miiba. Basi uongo umekamatwa! Haukukamatwa kwa kipigo, wala kwa bastola kuwekwa kisogoni, wala kwa mtu kulia na kuungama. Umekamatwa na mmea ambao ulikuwa pale siku zote mbele ya macho ya kila mtu, na yeyote aliyepata kulima waridi angeweza kumtangulia mpelelezi.

Hapo ndipo penye siri ya bustani katika hadithi hizi. Mmea ni shahidi asiyehongeka. Unaota kwa kanuni zake, unachanua kwa majira yake, unanyauka kwa saa zake. Mtu akisema alipita jana, na jani lililovunjika bado linatoa utomvu, basi jani linasema kweli na mtu anasema uongo. Tena ni shahidi wa watu wanyonge. Elimu ya bastola ni ya askari na majambazi. Elimu ya majani wanayo bibi zetu, wachunga ng'ombe, na watoto waokota kuni. Hadithi inayotegemea majani inampa mkulima nafasi ya kuwa na akili kuliko inspekta.

Sasa nasikia mtu akiniambia, kama alivyowahi kuniambia mwalimu mmoja mstaafu hapa Buseresere: "Mzee mwenzangu, hayo ni mambo ya Wazungu. Wao wana bustani. Sisi tuna mashamba." Nilimjibu, na nitajibu tena hapa. Bustani ni nini, kama si ardhi ambayo mtu ameifahamu mche kwa mche? Nyumba ya Usukuma ya zamani ilizungukwa na ua wa minyaa; mpaka wa shamba ulitiwa mkonge; nyuma ya jiko palikuwa na mbarika, mchicha, mlonge au mpapai; na kila mmoja ulipandwa na mtu mwenye jina kwa sababu inayojulikana. Ikiwa hiyo si bustani, basi neno hili halina maana nyingine ila nyasi zilizokatwa kwa mashine.

Tena, ndugu msomaji, utanzu huu katika Kiswahili ulizaliwa shambani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ndiye aliyetuletea Bwana Msa. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Haianzii hotelini, wala uwanja wa ndege. Mauti yake yanatokea mzimuni, katika nchi ya mashamba, na mwenye kuuawa ni mtu mwenye mali ya shamba. Na mwandishi mwenyewe alikuwa nani? Kwanza alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha akawa mtu wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Baba wa hadithi za upelelezi za Kiswahili alikuwa mchana akihariri habari za mazao na wadudu, na usiku akiandika mauaji. Sioni ajabu hata kidogo. Mtu aliyezoea kuuliza kwa nini mkarafuu huu umekauka na ule umesimama, amekwisha kuwa mpelelezi nusu.

Na tazama anachokifanya Bwana Msa katika mzimu ule. Watu wote wa pale wamekwisha kupata jibu: wazee wa kale wamekasirika. Yeye, na kiko chake mdomoni, anakataa jibu hilo, anatafuta mtu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wetu, nao ulikuwa mwanzo mwema.

Baadaye nini kilitokea? Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na upelelezi ukaingia mjini na kushika simu. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, na upelelezi ukapanda ndege. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Sitaki kueleweka vibaya. Vitabu hivi nimevisoma, vingine mara mbili, na najua kwamba vilisomwa na maelfu wakati ambapo vitabu vingine vilikuwa vikiliwa na mchwa madukani. Musiba aliandika wakati Kusini mwa Afrika kunawaka moto, na shujaa mweusi mwenye bastola aliyekuwa akiwashinda makaburu alikuwa na kazi ya kweli katika mioyo ya vijana. Siwadharau waandishi hawa. Ninaowalaumu ni waliowafuata, ambao walichukua bastola wakaacha sababu ya bastola. Kwao mpelelezi hapelelezi tena. Anapiga, anapigwa, anakunywa bia, na mwishowe mhalifu anasimama mbele yake na kueleza kila kitu kwa hiari, kurasa tatu nzima, kabla ya kupigwa risasi. Msomaji hakufikiri hata mara moja. Amefundishwa kwamba ukweli hutoka katika kinywa cha mtu aliyetishwa.

Kumbuka maneno hayo, maana nitayarudia.

Kwanza nionyeshe kwamba si umaskini wa malighafi uliotufikisha hapo. Anayetoka Geita kwenda Biharamulo akapita Katoro, ataingia Buseresere bila kujua mji mmoja umeisha wapi na mwingine umeanza wapi. Atakaloliona ni vumbi, pikipiki, maduka, na watu wanaozungumza dhahabu. Atasema hapa pana hadithi za dhahabu tu. Namwambia ashuke garini.

Tazama minyaa. Ni ua wa kawaida, hauliwi na ng'ombe wala hauhitaji maji. Lakini uvunje, na maziwa meupe yanachuruzika; yakiingia jichoni, jicho huvimba na kuwa jekundu, na mtu aweza asione kwa siku kadhaa. Mwizi aliyepenya ua wa minyaa usiku wa giza amechukua muhuri wa nyumba ile usoni mwake. Mpelelezi mwenye akili angeuliza tu: ni nani katika kijiji hiki aliyeamka leo na macho mekundu?

Tazama utupa, mmea ambao watu wa ziwani na mitoni wameutumia tangu zamani kulewesha samaki. Tazama mnanaha, unaoota jalalani na kumtoa mtu akili. Tazama mbarika, ambao mafuta yake tunayajua sote na mbegu yake ina sumu kali. Mwezi Septemba 1978 mwandishi mkimbizi kutoka Bulgaria, Georgi Markov, alichomwa mguuni London karibu na daraja la Waterloo, akafa baada ya siku chache. Ndani ya mguu wake ikakutwa chembe ndogo ya chuma yenye matundu, na wataalamu wakakata shauri kwamba ilitiwa sumu ya mbarika. Ulimwengu mzima ulistaajabu. Mmea wenyewe unaota nyuma ya vyoo vyetu, na hakuna mwandishi wetu aliyeshughulika nao.

Na katika machimbo yenyewe, wachimbaji wadogo hukaza kuta za duara kwa miti wanayoiita matimba. Duara likiporomoka na watu wakafa, watu husema ni mkono wa mtu, au ni kafara ya dhahabu. Lakini mti una habari zake: ulikatwa lini, ni mbichi au mkavu, umeliwa na mchwa au umekatwa na shoka. Mpelelezi anayejua miti angeshuka na taa, akapapasa, akasema kama hii ni ajali, ni uzembe, au ni mauaji. Ni riwaya gani ya pesa nyingi itakayoshinda hiyo?

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya kubuni, na kwamba katika maisha ya kweli mimea haifumbui fumbo lolote. Basi nitoe mawili ya kweli.

La kwanza ni la Daktari John Kirk, yule aliyekuja kuwa Balozi wa Uingereza Zanzibar na kupanda bustani yake Mbweni. Alipokuwa katika safari ya Zambezi pamoja na Livingstone, kati ya 1858 na 1863, alichukua sampuli ya sumu ya mishale ya wenyeji, na mswaki wake ukagusana na sumu hiyo. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, na akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Mtu mwingine angesema amelogwa. Yeye aliuliza mswaki ulikuwa umekaa na nini. Kutokana na swali hilo mmea ule ulichunguzwa baadaye na wanasayansi huko Edinburgh, na ikatoka dawa ya moyo.

La pili ni la kwetu, upande wa pili wa Ziwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika wilaya ya Tarime, wengi wao wanawake na watoto, walianza kupooza miguu kwa ghafula. Mtu alilala mzima, akaamka hawezi kusimama sawasawa, na hakupona tena. Fikiria, msomaji, ni majina mangapi ya majirani yangeweza kutajwa usiku katika nyumba za namna hiyo. Madaktari waliofika hawakuuliza nani ana chuki na nani. Waliuliza watu wamekula nini, na wamekitengenezaje. Jibu lilikuwa muhogo mchungu. Njaa ilikuwa imewafanya watu wakatize njia ndefu ya zamani ya kuuandaa, na sumu ikabaki ndani ya unga. Ugonjwa huo huitwa konzo. Sisi tunaokula udaga tunajua kwamba muhogo huo hulowekwa au huvundikwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa, na mabibi waliotuzuia tusiufanyie haraka walikuwa wakilinda miguu yetu. Hii ni hadithi ya upelelezi iliyokamilika: wahanga, giza, watuhumiwa wa uongo, na mhalifu aliyekuwa amekaa sahanini. Mpaka leo sijaiona katika riwaya.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali zilizonukuliwa na wataalamu mara nyingi, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalitokea Usukuma, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na mkoa wetu wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa vipande vya mikoa hiyo pamoja na Kagera. Mauaji ya namna hiyo hayakukoma mwaka 1984. Wengi wa waliouawa walikuwa vikongwe, na ushahidi dhidi yao ulikuwa nini? Macho mekundu.

Hebu tufanye upelelezi ambao riwaya zetu hazikuufanya. Kwa nini bibi kizee wa Shinyanga ana macho mekundu? Kwa sababu ya moshi, miaka hamsini ya kupuliza moto. Kwa nini moshi ni mkali hivyo? Kwa sababu mahali pengi amepikia samadi ya ng'ombe na vijiti vibichi. Kwa nini samadi? Kwa sababu kuni hakuna. Kwa nini kuni hakuna? Kwa sababu misitu ilifyekwa, kwanza enzi za ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, mifugo na mkaa, hata Shinyanga ikawa uwanda mtupu, mpaka mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa HASHI na watu wakaanza kurudisha ngitili zao. Basi fuata uzi huu kuanzia mwisho hadi mwanzo: panga limeshuka juu ya shingo ya mtu asiye na kosa, na uzi unakwenda mpaka kwenye kisiki cha mti uliokatwa kabla muuaji hajazaliwa. Anayesema mti ni pambo katika hadithi ya mauaji, na atembee na uzi huo mkononi.

Na ona tofauti. Macho mekundu yale yale, ambayo mikononi mwa mpelelezi anayejua minyaa yangemkamata mwizi, mikononi mwa mganga wa ramli yamemuua bibi. Alama ni moja. Aliyetofautiana ni msomaji wa alama. Mmoja anauliza, mwingine amekwisha kujibu kabla ya kuuliza. Nilisema kwamba riwaya za bastola zimemfundisha msomaji kuwa ukweli hutoka katika kinywa cha aliyetishwa. Mganga wa ramli na wakata mapanga wanaamini jambo hilo hilo. Hawakulipata katika riwaya, la hasha. Ni la zamani kuliko riwaya. Lakini riwaya, iliyozaliwa mzimuni ili kulipinga jambo hilo, imekaa kimya, na wakati mwingine imelipigia makofi.

Wako watakaonijibu kwamba muuaji wa kikongwe hasomi riwaya, na kwamba mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna tamaa ya shamba au urithi. Ni kweli. Ndiyo maana nataka mpelelezi apime mpaka wa mkonge aone kama umesogezwa baada ya mazishi. Muuaji hasomi, lakini mtoto wa jirani yake anasoma, na katibu wa kijiji, na askari kijana aliyepangiwa kituo chetu. Hao ndio watakaosimama kesho mbele ya maiti na kuchagua swali la kwanza.

Wengine wataogopa kwamba vitabu vya namna hii vitafundisha watu sumu. Watu wa vijijini hawahitaji riwaya kuwafundisha sumu. Wanachohitaji ni riwaya inayowaonyesha kwamba sumu hufuatiliwa, hupatikana, na hutajwa kwa jina lake. Na kwamba kifo kisichokuwa na sumu wala panga nacho kina sababu yake, malaria au moyo au uzee, bila ya jirani kuhusika.

Kwa hiyo nawadai waandishi wetu. Sidai waache miji, wala watupe bastola zote ziwani. Nadai kwamba mpelelezi mmoja ajaye, mwanamume au mwanamke, na afadhali awe mwanamke mwenye umri, ajue jina la kila mmea ulioko kati ya nyumba ya marehemu na kisima. Nadai asikubali ungamo lolote ambalo majani yanalipinga. Nadai kijiji kiwe kimekwisha kumtaja kikongwe, na mapanga yawe yamekwisha kunolewa, halafu mpelelezi huyo ainame, aokote tawi la mnyaa lililovunjika, na awaulize wanaume waliosimama pale, mmoja baada ya mwingine, waondoe mikono yao machoni.